Chandarua kimefika kitandani, nyumba bado iko wazi

Mvua za masika zikikaribia, redio hurudia maneno tunayoyajua kwa moyo: lala ndani ya chandarua chenye dawa, fukia madimbwi, fyeka nyasi kuzunguka nyumba, wahi kituo cha afya uonapo dalili. Si maneno mabaya. Lakini yote yanamwelekea mtu mmoja, mama au baba mwenye kaya, kana kwamba mbu wanatokana na uzembe wa familia. Hayamgusi aliyechora ramani ya nyumba, aliyepangisha chumba kisicho na wavu dirishani, aliyeacha bomba likauke siku nne kwa wiki, wala aliyepokea mtaro usio na mteremko na kusaini kwamba kazi imekamilika. Ninachotetea hapa ni kwamba kuikinga kaya na mbu ni suala la ujenzi na maji kabla halijawa suala la tabia. Nusu ya kwanza ya kazi hiyo tumeifanya vizuri sana. Nusu ya pili tumewaachia wasio na uwezo nayo.

Nianze na nusu iliyofanyika, maana inastahili heshima yake. Hapa Tanzania, mwaka 2004 ilianza Hati Punguzo, iliyomwezesha mjamzito aliyehudhuria kliniki kupata chandarua kwa sehemu ndogo tu ya bei. Zikafuata kampeni za kugawa bure kwa watoto wa chini ya miaka 5, kisha kwa kaya nzima, na kuanzia 2013 vyandarua vikaanza kupitia shuleni, kwanza katika mikoa ya Lindi, Mtwara na Ruvuma. Tafiti za kitaifa zinaonyesha tulikotoka: mwaka 2007/08 karibu watoto 18 kati ya kila 100 wa chini ya miaka 5 Tanzania Bara walikutwa na vimelea vya malaria; mwaka 2017 walikuwa 7. Aliyewahi kumpakata mtoto mwenye degedege usiku wa manane, akisubiri usafiri usiofika, anajua uzito wa tofauti hiyo.

Utafiti uliofuata, wa 2022, ulikuta watoto 8 kati ya 100. Miaka 5 ya kugawa, kupima na kutibu, na namba imegota palepale. Tena wastani huo unaficha mengi: Tabora ilikuwa na zaidi ya mtoto 1 kati ya 5 mwenye vimelea, ilhali Arusha na Kilimanjaro hazikufika hata 1 kati ya 100. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani inakadiria kwamba mwaka 2023 malaria iliua watu 597,000 duniani, 95 kati ya kila 100 wakiwa barani Afrika, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi 4 zilizobeba zaidi ya nusu ya vifo hivyo.

Kwa nini tumegota? Sababu ya kwanza ni mbu mwenyewe. Kwa miaka mingi vyandarua vyote vilitegemea viuatilifu vya jamii moja, pairethroidi, na mbu wamejifunza kuvistahimili. Utafiti mkubwa uliofanyika Misungwi, mkoani Mwanza, ukachapishwa mwaka 2022, ulilinganisha vyandarua vya kawaida na vile vilivyochanganywa dawa ya pili iitwayo klofenapiri. Baada ya miaka 2, katika vijiji vilivyopewa vyandarua vya kawaida karibu watoto 46 kati ya 100 walikuwa na vimelea. Katika vijiji vya mchanganyiko mpya walikuwa 26. Ni ushindi mkubwa, na Shirika la Afya Duniani likaupitisha mchanganyiko huo mwaka 2023 kwa kiasi kikubwa kutokana na kazi iliyofanywa na vijiji vyetu. Lakini tuisome tena namba ile ya pili. Chandarua bora kuliko vyote, kikigawiwa na kufuatiliwa na watafiti, bado kiliacha mtoto 1 kati ya 4 na vimelea damuni.

Sababu ya pili ni ya kawaida kabisa: kitambaa huchakaa. Tunapanga ugawaji kana kwamba chandarua kinadumu miaka 3, ilhali tafiti zilizofuatilia vyandarua majumbani humu nchini zimekuta vingi vikiwa hoi kabla ya hapo. Kitanda cha kamba kina ncha, mwenge wa taa hurusha cheche, panya hutafuna, na kwenye chumba ambacho ndicho sebule, stoo na mahali pa kulala watoto wanne, chandarua hufungwa na kufunguliwa kila siku hadi pembe zinachanika. Kumlaumu mama kwa matundu hayo ni kutojua anavyoishi.

Ya tatu ni saa. Chandarua humlinda aliyelala. Jua likizama maisha hayaingii kitandani: chungu kiko jikoni uani, watoto wanafanya kazi za shule kibarazani, wanaume wako kwenye televisheni ya kijiweni, mgonjwa anaogeshwa nyuma ya nyumba. Jamii ya anofelesi, yaani mbu wa malaria, wanaopenda kuuma nje na mapema wamepata nafasi yao hapo, hasa baada ya wale wa kuuma ndani usiku wa manane kupunguzwa na vyandarua.

Hapo ndipo inabidi tuitazame nyumba. Mbu wa malaria akifika ukutani hupanda juu, akifuata harufu ya miili na pumzi zinazotoka ndani. Ukuta ukiishia chini ya paa na kuacha mwanya, kama zilivyo nyumba nyingi za vijijini, amepata mlango wake. Katika bonde la Kilombero, watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara wamebaini kwamba aina moja ya mbu hao, anofelesi funestasi, ambaye si mwingi kuliko wenzake, ndiye anayebeba sehemu kubwa mno ya maambukizi, na yeye hupenda kuwauma watu wakiwa ndani. Adui wa aina hiyo anazuilika kwa ukuta, dari na wavu.

Ushahidi upo. Nchini Gambia, utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulichukua nyumba za kawaida, ukawekea baadhi nyavu za milango na madirisha na kuziba mianya ya juu ya kuta, nyingine ukaziwekea dari ya wavu peke yake. Mbu walioingia walipungua kwa zaidi ya nusu katika kundi la kwanza na karibu nusu katika la pili, na watoto wenye upungufu wa damu wakapungua katika makundi yote mawili. Côte d'Ivoire, vijiji ambako nyumba ziliwekewa nyavu za madirisha pamoja na mirija yenye dawa chini ya paa vilipata wagonjwa wachache wa malaria kwa asilimia 38, ukilinganisha na vijiji vilivyokuwa na vyandarua tu. Uchambuzi mwingine wa tafiti za kaya kutoka nchi 21 za Afrika ulikuta kwamba mtoto akiishi katika nyumba ya kisasa, nafasi yake ya kuwa na vimelea hupungua kwa asilimia 9 hadi 14. Kwa anayelala ndani ya chandarua ilipungua kwa asilimia 15 hadi 16. Atakayepinga atasema wenye nyumba nzuri wana fedha, wanakula vizuri na wanawahi hospitali. Ni kweli, na watafiti walijitahidi kuliondoa hilo katika hesabu zao, ingawa haliondoki lote. Hata hivyo ukiziweka namba hizo mbili pamoja, huwezi kueleza kwa nini moja ina mpango wa taifa, bajeti na wafadhili, na nyingine haina mwenyewe.

Mkoani Mtwara zimejengwa nyumba 110 za mfano vijijini, za ghorofa moja, vyumba vya kulala vikiwa juu, kuta zikipitisha hewa kwa wavu, milango ikijifunga yenyewe. Vyumba kuwekwa juu si mapambo. Mbu wa malaria kwa kawaida huruka chini chini, na majaribio ya Gambia yameonyesha kwamba kadiri chumba kinavyoinuliwa kutoka ardhini ndivyo wanaoingia wanavyopungua. Sidhani kila familia itajengewa nyumba ya namna hiyo, wala si lazima. La kuchukua pale ni kwamba mchora ramani na fundi ujenzi ni watu wa afya, hata kama hakuna aliyewaambia.

Kuna kikwazo ambacho lazima kisemwe wazi: joto. Mwanya ule wa juu ndio unaotoa moshi wa kuni na hewa nzito. Ukiuziba chini ya bati tupu na kuacha dirisha dogo, umewafungia watu katika tanuri, na hewa nzito yenyewe inawavuta mbu. Watu watauzibua, na watakuwa na haki. Kwa hiyo kuziba peke yake hakutoshi. Madirisha yaongezwe ukubwa, yawe pande mbili ili upepo upite, yote yakiwa na wavu. Fundi mzuri anajua hili. Anachokosa ni mteja aliyeambiwa kwamba wavu ni kinga ya mwanawe kabla ya kuwa urembo wa nyumba.

Walioitawala nchi hii walilijua mapema. Dar es Salaam ya mkoloni iligawanywa kanda 3 kwa viwango vya ujenzi, na eneo la wazi la Mnazi Mmoja likatenganisha makazi ya Waafrika na ya wengine kwa hoja ya afya, malaria ikiwemo. Nyumba zenye nafasi, madirisha mapana na nyavu zikawa za upande mmoja. Ubaguzi ule wa rangi umeondoka katika sheria, lakini mpaka wake bado unauona ukitembea jioni kutoka Oysterbay ya wenye nacho hadi Tandale ya wapangaji na kutazama madirisha.

Na huko Tandale, Manzese au Mbagala, anayelala chumbani siye mwenye nyumba. Mpangaji aliyelipa kodi ya miezi 6 hana hamu ya kununua wavu ambao atauacha akihama, na mwenye nyumba haoni sababu ya kuuweka maana chumba kitapata mtu tu. Mahubiri hayawezi kulimaliza tatizo hilo. Linahitaji kanuni: chumba cha kupangisha kiwe na wavu mzima dirishani, na kibali cha ujenzi kisitoke bila mchoro kuonyesha mbu atazuiwaje. Serikali ianze na majengo yake, mabweni ya shule, nyumba za walimu, wodi za zahanati. Ni aibu kwa mtoto kulazwa kwa malaria katika wodi ambayo madirisha yake hayana wavu.

Sasa maji, na hapa ndipo ninapoona hatari kubwa inayokuja.

Homa ya dengi ililipuka Dar es Salaam mwaka 2014 na ikarudi kwa kishindo mwaka 2019, ikithibitika kwa zaidi ya watu 6,000, wengi wao wa jiji hilo. Anayeieneza ni edesi, yule mbu mweusi mwenye madoa meupe miguuni, ambaye huuma mchana, zaidi asubuhi na alasiri. Ndiye pia aenezaye chikungunya, ugonjwa uliotambuliwa kwa mara ya kwanza duniani katika mlipuko wa 1952 kwenye uwanda wa Makonde, Newala. Kwa mbu huyu chandarua cha usiku hakisaidii sana, ila kwa mtoto mchanga au mgonjwa anayelala mchana. Hazaliwi kwenye dimbwi la shamba wala kwenye nyasi. Anazaliwa kwenye pipa, ndoo, tairi kuukuu, kifuu cha nazi, sahani ya chini ya chungu cha maua. Mayai yake huyagandisha kwenye ukuta wa chombo, juu kidogo ya maji, na yanaweza kukaa makavu miezi kadhaa yakisubiri maji yapande. Ndiyo maana kumwaga maji hakutoshi. Pipa lisuguliwe kuta zake kwa brashi angalau mara moja kwa wiki, kisha lifunikwe kwa kitambaa kizito au mfuniko usioacha upenyo.

Lakini kwa nini kuna pipa? Kwa sababu maji hutoka kwa mgao. Familia inayopata maji Jumanne usiku na Jumamosi alfajiri itajaza kila chombo ilicho nacho, na ni busara ifanye hivyo. Kuiambia isihifadhi maji ni kuitaka ichague kati ya dengi na kipindupindu. Mamlaka ya maji inapohesabu mafanikio kwa idadi ya wateja waliounganishwa, ihesabu pia saa ambazo maji yanatoka, kwa sababu kila siku ya bomba kavu inazaa viluwiluwi vya mbu katika maelfu ya nyua. Edesi haruki mbali. Kwa kawaida maisha yake huishia ndani ya mita mia kadhaa. Anayekuuma alizaliwa kwako, kwa jirani, au kwa fundi wa pancha pale kona. Kwa hiyo mtaa mmoja ukipata maji ya uhakika na kuondoa matairi yake, matokeo yataonekana mtaani humohumo.

Kuna jambo la hatari zaidi, na limeshafika Afrika Mashariki. Anofelesi stefensi, mbu wa malaria aliyetoka Asia ya Kusini na maeneo ya Uarabuni, aligunduliwa Djibouti mwaka 2012. Mwaka huo nchi hiyo ndogo iliripoti wagonjwa 27 wa malaria. Mwaka 2020 iliripoti zaidi ya 73,000. Akaonekana Ethiopia, Sudan na Somalia. Mwaka 2022 ukatokea mlipuko katika mji wa Dire Dawa, Ethiopia, na Kenya nayo ikamgundua katika kaunti ya Marsabit. Tofauti yake na anofelesi tuliowazoea ni kwamba anaishi mjini kwa raha na kuzaliana katika vyombo vya maji vya nyumbani na vya maeneo ya ujenzi. Pipa lilelile la edesi. Miji yetu imekuwa na nafuu ya malaria kwa muda mrefu kwa sababu maji machafu ya mitaro hayawafai sana anofelesi wa asili. Mbu huyu akizoea miji ya pwani na ya kanda ya ziwa, nafuu hiyo itaondoka, na tutakuwa na malaria mahali ambapo watu wengi hawana kinga wala mazoea ya kuiogopa.

Dengi ina mtego mwingine unaogusa kaya moja kwa moja. Mtu anapata homa kali, kichwa na macho vinauma, viungo vinavunjika, anapima malaria na kipimo kinasoma hasi. Wengi huenda duka la dawa wakanywa mseto, dawa ya malaria, hivyohivyo, au wakachukua diklofenaki, ibuprofeni au aspirini kutuliza maumivu. Dawa hizo 3 huongeza hatari ya kutoka damu kwa mgonjwa wa dengi. Kipimo cha malaria kikiwa hasi na homa ikaendelea, arudi kituoni, anywe maji mengi, atulize homa kwa parasetamoli. Damu ikitoka puani au kwenye fizi, tumbo likiuma sana au akitapika mfululizo, asisubiri kesho, hata kama homa imeshuka, kwa sababu hali mbaya ya dengi mara nyingi huja homa inapoanza kushuka.

Mbu wa tatu wa nyumbani ni kyuleksi, yule anayevuma sikioni usiku kucha, anayezaliwa kwenye maji ya vyoo na makaro. Ndiye aliyeeneza matende na mabusha katika miji ya pwani na visiwani. Kwa habari yake tunao mfano wetu wenyewe ambao unapaswa kusimuliwa zaidi. Mwishoni mwa miaka ya 1980, huko Makunduchi, Unguja, mashimo ya vyoo vyenye maji yalimwagiwa punje za polistairini, zile nyeupe nyepesi zinazowekwa kwenye vifungashio, zikaelea na kufunika uso wa maji. Viluwiluwi havikuweza kupumua, na mbu hawakupata pa kutagia. Sambamba na hayo watu walipewa dawa ya minyoo ya matende. Kiwango cha waliokuwa na minyoo hiyo damuni kikashuka kutoka karibu nusu ya waliopimwa hadi 1 kati ya 10. Punje zile zilikaa miaka. Hakuna aliyewataka watu wabadili tabia. Kilichobadilishwa ni shimo.

Dar es Salaam nayo ilianzisha mwaka 2004 mpango wa kuua viluwiluwi ulioajiri wakazi wa mitaa kutafuta mazalia na kuyapulizia dawa itokanayo na bakteria, isiyodhuru watu wala samaki. Ulifika kata 15, na maambukizi kwa watoto yakapungua. Kibaha kuna kiwanda cha dawa ya namna hiyo kilichojengwa kwa ushirikiano na Cuba, na mwaka 2017 Rais Magufuli alikitembelea akaagiza halmashauri zote zinunue. Agizo linaweza kununua madumu ya dawa. Haliwezi kumlipa kijana atakayezunguka mtaani kila wiki, mvua na jua, akijua kila chemba iliyo wazi. Kazi hii haifanyiki kwa kampeni ya wiki moja, kwa sababu kiluwiluwi huwa mbu ndani ya siku zipatazo 7 hadi 14. Shirika la Afya Duniani linashauri njia hii pale ambapo mazalia ni machache, ya kudumu na yanayopatikana kirahisi, na hiyo ndiyo sura ya miji yetu, hasa kiangazi. Kijijini penye mabonde ya mpunga, fedha hizo ni afadhali ziende kwenye nyavu na dari.

Chandarua kibaki, tena kiwe cha mchanganyiko mpya, na kisikatizwe kwa kisingizio chochote kilichoandikwa hapa. Ila halmashauri inapoandaa bajeti yake, mstari wa mbu usiishie idara ya afya. Idara ya ujenzi iseme ni majengo mangapi ya umma yatawekewa nyavu mwaka huu. Mamlaka ya maji iseme ni mitaa mingapi itapata maji kila siku. Ajira za muda za TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, ambazo tayari huchimba mabwawa na kutengeneza barabara za vijiji, zitumike pia kuziba kuta na kupanua madirisha katika nyumba za wazee na familia maskini, kwa udongo na matofali yaliyopo hapohapo. Wavu wa dirisha uhesabiwe kifaa cha kinga na upewe nafuu ileile ya bei ambayo chandarua kiliwahi kupewa kwa Hati Punguzo. Mkutano mkuu wa kijiji hukaa kila baada ya miezi 3, na diwani huwa na nafasi ya kuzungumza. Aulizwe haya kwa majina ya majengo na mitaa, na majibu yaandikwe kwenye muhtasari ili yasomwe mkutano unaofuata.